Bonge Aacha Mkate

Kila asubuhi msusi alifungua saluni yake, akafagia, kisha akamtazama Bonge. Bonge alikuwa simbilisi, mnyama mdogo wa manyoya, asiye na mkia. Aliishi kwenye sanduku pana karibu na dirisha. Wateja walimpenda. Huyu alimpa mkate, yule biskuti.

"Oneni alivyonona!" msusi alijigamba. "Kwangu halali mtu njaa."

Binti yake ndiye aliyeona mabadiliko.

"Mama, Bonge hali. Anatoa mate tu."

"Anadeka huyo. Mpe biskuti."

Binti akampa. Bonge akaigeuzia mgongo. Kesho yake manyoya yalikuwa yamemsimama, na alilia alipoguswa mguu. Sasa msusi alishtuka. Akafunga saluni, wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Huyu anakula nini?" daktari aliuliza.

"Majani," msusi alijibu haraka. "Majani mabichi kila siku."

Binti alimtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa.

Daktari alimfungua Bonge mdomo, akamulika tochi. Kwa kijiti, akatoa mkate uliokwama shavuni. Akauweka mezani juu ya kitambaa cheupe.

Uso wa msusi uliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Samahani, daktari. Nimekudanganya. Majani hapati. Tunampa mkate na biskuti."

"Afadhali umesema," daktari alijibu. "Meno ya simbilisi hayaachi kukua. Kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Mkate ni laini mno. Sasa meno ni marefu, yanamchoma ulimi."

"Na mguu?" binti aliuliza.

"Amekosa vitamini C, ndiyo maana viungo vinamuuma. Mwili wake hauwezi kuitengeneza, kama wetu sisi usivyoweza. Huipata kwenye mboga mbichi."

Daktari alimpunguza meno, akampa dawa.

"Nyasi kavu, safi, ziwepo mchana na usiku," alisema. "Kila siku mpeni mboga za majani kidogo na kipande cha pilipili hoho isiyowasha. Tunda, mara mojamoja tu. Maji safi yasikosekane. Mkate, biskuti, maziwa na nyama, marufuku. Na akiacha kula, msingoje kesho. Mleteni siku hiyohiyo."

Nje, msusi alisimama. Alishindwa kumtazama binti yake usoni.

"Mwanangu, uliniambia nikakupuuza. Kisha nikasema uongo mbele yako. Nisamehe."

"Tumrudishe saluni, mama," binti alisema, akamshika mkono.

Mwanzoni Bonge alitafuna polepole. Baada ya wiki chache alikuwa akikimbia huku na huku, manyoya yakimeremeta. Siku moja mteja alichomoa biskuti mkobani. Msusi akamzuia.

"Heh! Siku hizi umekuwa mchoyo?" mteja alitania.

Wenzake wakacheka. Msusi angeweza kucheka nao, yakaisha. Lakini aliweka kitana chini.

"Biskuti hizi nusura zimuue," alisema. "Nilimlisha mimi mwenyewe. Binti yangu alinionya, sikumsikia."

Mteja akairudisha biskuti.

"Basi nimpe nini?"

"Muulize huyu," msusi alisema, akimwonyesha binti yake. "Yeye ndiye anayejua."

Binti akachukua fungu la nyasi, akavuta kigoda, akaanza kueleza. Safari hii mama yake alikuwa wa kwanza kusikiliza.