Wastani wa Maboga Mia Mbili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mpimaji wa ghala la wakulima alifungua daftari la mapokezi akakuta ukurasa wa jana umechanwa. Ndio uliokuwa na idadi ya maboga ya kila mkulima, na aliyeleta mengi zaidi angepewa pampu ya maji. Shangazi yake, aliyemwagilia shamba kwa ndoo miaka tisa, usiku hakupata usingizi kwa kuiwazia.

"Mimi nakumbuka," alisema karani, mhesabuji wa ghala. "Kipara mia na ishirini, Shangazi themanini."

"Themanini ya nani?" Shangazi alifoka. "Mia na ishirini ni yangu!"

"Basi ukurasa umeuchana wewe. Si uliingia ofisini jana kunywa maji?"

Mpimaji alimgeukia Kipara, mkulima wa pili. "Na wewe mzee? Kwa hesabu ya karani, ushindi ni wako."

"Daftari sijaligusa, mwanangu. Na maboga sikuhesabu. Nihesabu ya nini na karani yupo?"

Mpimaji akatoa kadi yake. Kila mzigo ulipofika, kabla ya kuchanganywa, alikuwa amepima maboga kumi bila kuchagua. Ya Shangazi yalikuwa na wastani wa kilo nne, ya Kipara sita. Jioni ya jana lori liliondoka na yote mia mbili, jumla kilo mia tisa na sitini.

"Gawanya, karani."

"Kilo nne nukta nane kila moja."

"Idadi zingelingana, tungepata tano kamili. Yale makubwa ya Kipara yangezidi, tungepita tano. Tumevutwa kuelekea nne. Ya nani mengi?"

"Unampendelea shangazi yako!"

"Mizani haina shangazi. Mia na ishirini ya kilo nne, themanini ya kilo sita: hapo tu ndipo mia tisa na sitini inapotimia. Umezigeuza idadi, ukachana ukurasa. Kwa nini?"

Karani aliinamisha kichwa. "Nampenda binti yake Kipara. Nilitaka baba mkwe anione wa maana."

"Mkwe gani?" Kipara aliruka. "Huyo binti anafundisha hesabu! Angekukamata kabla ya chai!"

Ghala zima lilikufa kwa kicheko, Shangazi akawa wa kwanza kushika mbavu. Karani aliomba radhi, akaamriwa kuibeba pampu mwenyewe hadi shambani.

Saa tisa alasiri maji yalifika tuta la mwisho. Shangazi aliingia katikati ya maji na viatu vyake, akalia kwa furaha, akapiga teke ndoo yake kuukuu mpaka uani kwa jirani.