Mtungi Uliokosa Mwenyewe

Mlinzi wa lango la makumbusho, yule waliyemwita Komeo kwa kuwa hafunguki mpaka ataniwe, alimsimamisha Mama Lebo asubuhi ya Jumatatu akamwambia, kwa adabu zote, kwamba wageni hukata tiketi pale dirishani.

Mama Lebo alicheka. Miaka tisa amepita kwenye lango lile, na katika miaka tisa Komeo hajawahi kumsalimia bila kumchokoza. Hilo jina la Mama Lebo lenyewe ni Komeo aliyembandika, kwa sababu kazi ya mama huyu ilikuwa kuandika vile vikadi vinavyowekwa chini ya kila kitu kwenye maonyesho: hiki ni nini, kimetoka wapi, kina umri gani. Akamjibu kwamba leo umeamka na la kwako, baba, nipishe nichelewe vizuri. Lakini Komeo hakucheka. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyegonga kwako akidhani ni kwa jirani. Ikabidi atoe kitambulisho, na hata hapo Komeo alilinganisha picha na uso, picha na uso, kabla ya kusogea pembeni.

Alipoingia ukumbini alikutana na harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa mwezi mzima.

Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba vinne, lakini watu walikuja. Walikuja kuona viti vilivyochongwa na mafundi wa eneo lao, mikeka, vyungu, shanga, zana za wahunzi, wapate kujua walikotoka. Wiki tatu nyuma palikuwa pamefunguliwa maonyesho mapya ya vitu arobaini, zawadi ya tajiri mmoja aliyevikusanya ujanani. Jina la tajiri liliandikwa ukutani kwa herufi za urefu wa mkono, na cheo chake, na picha yake akitabasamu utadhani yeye ndiye aliyekanda udongo.

Na waliokanda? Hapo ndipo penye kisa.

Lebo zote arobaini zilichapwa kwa mkupuo mmoja, kwa mtindo uleule wa siku zote. Nafasi ya jina la kitu ilikuwa tupu, ya umri tupu, ya mahali tupu. Nafasi ya mtengenezaji peke yake haikuwa tupu. Ilikuwa imekwisha kujazwa tangu kompyuta ile inunuliwe: *hajulikani*. Ilikuwa hivyo ili kuokoa muda, maana mara zote huwa hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mara zote huwa hivyo kwa sababu mara zote huandikwa hivyo.

Siku moja kabla ya ufunguzi, Mama Lebo alikuwa akipangusa mtungi wa maji, wa mwisho katika vile vitu arobaini, na kitambaa kikanasa kitu shingoni mwake. Kikaratasi. Kilikuwa na jina la mwanamke, lake na la baba yake, limeandikwa kwa penseli ya wino, ile inayogeuka zambarau ikiloa, na mtu mwenye mwandiko wa shule. Chini yake palikuwa na maneno matatu: *ameufinyanga huyu mwenyewe*. Akampelekea Mkuu wa makumbusho. Mkuu, aliyekuwa akihangaika na viti vya wageni wa heshima, alimwambia lebo zimeshachapwa, na watu huja kuangalia mtungi, hawaji kumwangalia mfinyanzi.

Angeweza kubisha. Alijua kubisha. Lakini miguu ilikuwa ikimuuma, meza ya kuonyeshea mtungi ilikuwa ikiyumba, na kile kikaratasi kilikuwa mkononi. Akakikunja mara nne akakisukumia chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Akajiambia ataibadilisha lebo kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Sasa, wiki ileile ya Komeo, ikaja Jumatano. Adhuhuri, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alisikia kutoka ukumbini sauti ya kiganja kikipiga kitu kinyevu. *Pa. Pa. Pa.* Pigo la mtu asiye na haraka, mtu mwenye kazi yake. Akatoka kuangalia. Hapakuwa na mtu. Mtungi ulikuwa mahali pake, mkavu. Ila kwenye vumbi la meza palikuwa na alama ya kiganja, kidogo, cha kushoto, bado kinang'aa kwa maji. Alikuwa ameinama akiitazama pale Mkuu aliporudi na kumuuliza kwa ukali nani amemruhusu mgeni kuvuka kamba. Mama Lebo alipojitaja, Mkuu alikwenda kufungua faili la wafanyakazi. Akalikuta jina, akalisoma taratibu, kwa ile sauti tunayosomea majina ya marehemu.

Alhamisi mama yake mzazi, aliyekaa naye, alipakua chakula sahani mbili, yake na ya mjukuu. Walikuwa watatu mezani. Bibi alijicheka, akausingizia uzee. Mama Lebo hakucheka, maana ile harufu ilikuwa imemfuata mpaka jikoni.

Mjukuu mwenyewe, binti yake wa miaka saba, walimwita Chiriku, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Wiki nzima alikuwa akiwaringia wenzake darasani kwamba Jumatatu wakipelekwa makumbusho wataona, mama yake ndiye mwenye nyumba ile, vitu vyote vile yeye ndiye anayevijua. Usiku huo alilala huku mkono wake umeshika pindo la gauni la mama yake. Mama yake akalala macho, akihesabu nani amebaki: Komeo amekwenda, Mkuu amekwenda, mama anakwenda. Wengine wote aliweza kuiachia dunia. Huyu, hapana.

Ijumaa kulipokucha akamwambia mama yake kila kitu. Bibi hakubishana. Jioni alijifunga nguo yake, akampeleka kwa mganga anayemwamini, mwanamke mmoja fundi cherehani aliyefanya uganga katikati ya kazi zake, pini zikiwa bado mdomoni. Fundi hakufukiza kitu wala hakupandisha sauti. Alimshika Mama Lebo kidevu, akamtazama kama anayempima shingo, kisha akatoa pini moja moja mdomoni na kuzichomeka kwenye mto.

"Jini wa kuja hufukuzwa, mwanangu. Huyu hakuja. Amehamia."

"Amehamia wapi, mama?"

"Palipofutwa. Mkimfuta mtu, pale mahali hapakai wazi. Huyo anayepiga udongo si yule mfinyanzi, maskini, yule kapumzika. Ni kilichoingia kwenye nafasi yake. Kinakula kujulikana. Kujulikana kwa yule mlishakumaliza, sasa kinakula kujulikana kwako."

"Nifanye nini?"

"Lirudishe jina. Lake la kweli. Usithubutu kubuni, kitajua." Akachukua tena mkasi wake. "Na ufanye haraka. Kinaanza na wa mbali. Wa karibu ndiye wa mwisho, na akishakwenda huyo, hata ukilirudisha, hatarudi."

Walitoka wameshikana mikono, mama na mwana. Njia panda ya tatu, Bibi alipunguza mwendo, akautazama ule mkono ulioushika wake, akaukunjua kidole kimoja kimoja bila hasira.

"Samahani, mwenzangu," akasema. "Mimi naishia hapa. Wewe wa wapi vile?"

Mama Lebo alimfuata kwa mbali mpaka nyumbani. Mlango ulifungwa mbele ya uso wake. Alibisha, akaomba, akataja majina ya marehemu wote wa ukoo ambayo mtu baki hawezi kuyajua, na ndani Bibi akawa anamuuliza nani amemfundisha. Kisha pazia la dirisha la pembeni likafunguka, uso wa Chiriku ukatokea, na mtoto akaita kwa sauti yote aliyojaliwa: "Mama!"

Bibi alimwondoa pale akimbembeleza, akimwambia mama kasafiri, yule si yeye. Lakini lilikwisha kusikika. Mama Lebo alilibeba neno lile kama anayebeba maji kwenye viganja, akakimbia.

Mlango wa nyuma wa makumbusho aliufungua kwa ufunguo wake. Akapiga magoti kwenye sakafu ambayo kila siku kwa wiki tatu ilikuwa imepigwa deki kwa maji mengi na sabuni nyingi, akainua mguu wa meza kwa bega, akakivuta kile kikaratasi kilichogandamana na kuwa kama ngozi ya maziwa, akakikunjua kwa kucha kunjo la kwanza na la pili na la tatu, huku kiganja kikipiga juu ya kichwa chake *pa, pa, pa*, sasa kwa haraka, sasa kama mtu anayefurahi, na harufu ya udongo ikimjaa puani mpaka ikawa kama anazikwa akiwa amesimama, na kunjo la nne lilipofunguka ndani yake mlikuwa na ukungu wa zambarau na hakuna zaidi, hakuna hata herufi moja, wala kichwani mwake, maana alilisoma mara moja tu, kwa jicho la mtu mwenye haraka, na jina la binadamu aliyekuwa amemshika mkononi likamponyoka kama jina la kituo ambacho basi halikusimama.

Alilia pale sakafuni mpaka kukapambazuka. Hakujililia yeye. Alimlilia mwanamke asiyemjua, na aibu ilikuwa hiyo, kwamba ilibidi yamfike ndipo amlilie.

Jumamosi na Jumapili makumbusho yalikuwa yamefungwa. Mama Lebo aliwasha taa ya meza, akauchukua mtungi, na kwa mara ya kwanza tangu uingie nyumba ile, akautazama. Aliupitishia vidole ndani na nje. Akaweka vidole vyake juu ya alama za vidole. Kisha akachukua kadi nyeupe, na kwa kuwa jina la kweli hakuwa nalo na la uongo amekatazwa, akaandika kwa mkono kile ambacho udongo wenyewe ulikuwa ukikisema:

*Aliyeufinyanga alikuwa mwanamke. Vidole vyake vilikuwa vifupi, na alitumia mkono wa kushoto. Mdomo wa mtungi aliubonyeza mara kumi na saba. Baada ya mara ya nane kuna kitu kilimkatiza, akaondoka, udongo ukakauka kidogo, akarudi akamalizia. Alikuwa na jina. Liliandikwa, likatufikia, tukalipoteza sisi.*

Zile lebo nyingine thelathini na tisa hakuweza kuzitendea hivyo zote. Alichukua kalamu, akafuta *hajulikani* kwenye kila moja, akaandika juu yake: *hatukuuliza*.

Alipoweka ya mwisho, kiganja kilinyamaza. Alisubiri. Kimya kilikuwa kimya cha kweli, cha nyumba yenye vitu na basi. Harufu ilikuwa imekwisha. Alikaa chini, akacheka kidogo, akalala hapohapo na kadi tupu mapajani.

Jumatatu alinawa uso kwenye bomba la nyuma, akazunguka hadi langoni ili aingie kama watu. Komeo alimwambia tiketi ni dirishani. Sawa, akajisemea, wa mbali watachukua muda. Akakata tiketi. Akaingia mgeni kati ya wageni, akasimama karibu na mtungi.

Wanafunzi walifika saa nne, wawili wawili, wameshikana mikono, na mwalimu wao anahesabu vichwa. Chiriku alikuwa wa mwisho, peke yake. Mwenzake hakuja shule siku ile. Macho ya mtoto yalizunguka ukumbi, yakapita kwenye viti, yakapita kwenye mikeka, yakamfikia mama yake, yakampita. Kisha yakarudi.

Mtoto alimwendea na kunyoosha mkono.

"Shangazi, nishike. Mwalimu kasema asitembee mtu peke yake."

Akamshika. Ulikuwa mkono uleule, wa moto, wenye wino kwenye kidole cha kati. Wakatembea pamoja vyumba vyote vinne. Chiriku aliuliza na Mama Lebo akajibu: hiki kiti mti wake hauliwi na wadudu, huu mkeka ulisukwa na watu wawili, ona pale mmoja alikuwa akivuta kamba zaidi. Mtoto akamwambia anajua mambo mengi. Akamwambia mama yake naye anajua mambo mengi, ila kasafiri.

"Mama yako yukoje?" Mama Lebo akauliza.

Chiriku alifungua mdomo. Alifikiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa la kusema. Akafunga mdomo, uso ukamwingia woga kidogo, na mama yake, asivumilie kuuona woga ule, akamgeuzia kwenye mtungi na kumwambia asome.

Akasoma, neno kwa neno, kidole hewani. Alipofika mwisho akaurudia mstari wa mwisho kimoyomoyo.

"Alikuwa na watoto?"

"Hatujui, mwanangu."

"Kama alikuwa nao," Chiriku akasema, "wao walimjua."

Mwalimu alipiga makofi, akaita waliobaki nyuma. Mkono mdogo ukatoka ndani ya mkubwa. Mtoto alikimbia hatua kadhaa, kisha akakumbuka adabu aliyofundishwa nyumbani, akageuka.

"Asante, shangazi. Mama yangu akirudi nitamleta hapa, nimwonyeshe kwako."