Mwenzi wa Ildefonce

Jumamosi ile Candide alikuta kiatu cha mumewe kimefungwa kamba na kiatu kisichokuwa chao.

Viatu vya nyumba nzima vilikaa mlangoni juu ya magazeti, kama kila nyumba ya Parkdale, mtaa wao wa ughaibuni, wakati wa theluji. Lakini hiki cha pili kilikuwa buti la jeshi, limekwisha kisigino, lina tope jekundu, bichi. Mwezi wa kumi na moja, ghorofa ya kumi na mbili, nje kweupe pote, tope jekundu limetoka wapi? Candide hakuwa mtu wa kujiumiza kichwa. Alichukua kisu cha mboga, akakata kamba, akalitupa buti kwenye bomba la takataka koridoni. Alisikiliza lianguke. Halikuanguka.

Aliporudi, nyumba ilinuka mafuta ya bunduki.

Ildefonce aliamka saa nane mchana, maana kiwandani Brampton alishika zamu ya usiku. Alipoiona ile kamba alisawijika.

"Nani alikata?"

"Mimi. Ilikuwa kiatu ya nani, Papa Landry?"

"Ungefungua, Mama Landry! Ungefungua pole pole tu. Juu ya nini ukate?"

Candide alidhani ni hofu ya Jumatatu, siku ya kusikilizwa ombi lake la ukimbizi. Kwao vita vilikuwa vimekwisha tangu mwezi wa tano, ila wakubwa wapya waliwafunga watoro wa jeshi kwenye miti na kuwapiga risasi sawasawa na wakubwa wa zamani. Ildefonce alikuwa mtoro. Akinyimwa karatasi, atarudishwa, na akirudishwa, mti unamngoja. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, mkewe, na Candide alikuwa amekariri kila tarehe.

Saa kumi na moja, giza likiingia, mtu akaanza kutembea koridoni. Mguu mmoja ulivaa buti, mwingine ulikuwa mtupu. Ko, pa. Ko, pa. Hatua zikasimama mlangoni kwao. Candide alichungulia kwenye tundu, asione mtu. Akapiga simu kwa Mchungaji Léonard, wa ghorofa ya tisa, aliyekuja mbio na Biblia na chupa ya mafuta, naye mtoto wao Landry akapelekwa kwa mke wa mchungaji.

Mchungaji alipaka mafuta milango na madirisha, akaomba kwa Kiswahili na Kifaransa, jasho likamtoka, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo ile harufu ilivyozidi kuwashika koo, na zile hatua, zilizokuwa nje, zikasikika ndani, zikapita kati yao watatu kama mwenyeji anayekijua kitanda chake, zikaenda kusimama nyuma ya Ildefonce, aliyekuwa amepiga magoti na kufumba macho.

"Roho mchafu, sema jina lako! Unatafuta nini?"

"Yaya Candide," sauti ikajibu, pale pale nyuma ya mumewe. "Nasikia baridi."

Yaya! Aliyemwita hivyo, dada mkubwa, alikuwa mmoja tu: mdogo wake Déogratias, aliyekufa vitani.

"Ulisema waasi ndio walimuua," Candide alimnong'oneza mumewe.

Ildefonce akalia. "Wakubwa wetu wa jeshi walikuwa wanatufunga wawili wawili, kamba ya kiatu kwa kamba ya kiatu, tusitoroke tukilala. Mmoja akikimbia, mwenzi anayebaki anapigwa risasi asubuhi. Mimi na Déo tulikuwa wawili."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka kukuona, Mama Landry. Nilikata."

"Nilikuita, Ilde," ile sauti ikasema, bila hasira. "Mpaka waliponifunga macho."

Mchungaji akainua mkono amkemee. Candide akaushika.

"Pasta, nyamaza. Usimfukuze mdogo wangu."

"Mama, huyu si mdogo wako. Ni jini limevaa sauti yake."

"Basi limeivaa vizuri."

Akachukua koti lake. Ildefonce akamdaka pindo. "Usitoke! Ukitoka, mimi ndiye nabaki!" Candide akambandua vidole kimoja kimoja, bila haraka, akamsukuma mchungaji nje, naye akatoka na kumfungia Ildefonce ndani kwa ufunguo. Alimchukia mumewe kwa moyo wake wote, na ikampa raha. Ndani hamkutoka kelele. Walipofungua baada ya saa nzima, hapakuwa na mtu, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Jumatatu alikwenda peke yake. Alizitaja tarehe zote, hakukosea hata moja. Hakimu, bwana mpole mwenye mafua, akauliza kupitia mkalimani mume yuko wapi.

Candide angeweza kusema hajui. Alitaka mumewe aandikwe jina lake la kweli, mtoro.

"Ametoroka," alisema.

Mkalimani akatafsiri, hakimu akaandika. Nyuma ya kiti chake Candide mtu akasogea, akainama, akamwekea mkono begani kwa upole.

"Kwa hiyo aliyebaki ni wewe, yaya."