Maswali Kumi kwa Sophie

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, mimi humsaidia mama katika kibanda chake cha chai hapa Majengo, mjini Nyeri. Mama yangu, Mwanasiti, hukaanga mahamri. Mimi huosha vikombe na, asipoangalia, huchora. Nachora kwenye pakiti za unga, kwenye makaratasi ya majani ya chai, na siku moja nilichora kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Hiyo ya ukuta sitaki kuizungumzia.

Muhula huo nilikuwa nikichora kitu kimoja tu: jalada la jarida. Chama cha uanahabari cha shule yetu kilikuwa kinatayarisha jarida la muziki la vijana, ambalo lingeonyeshwa Karatina pamoja na majarida ya shule nyingine. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeweka picha ya lango la shule kwenye jalada. Lango! Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelichukua jarida letu mezani. Jioni alikuja muuza njugu akaomba nakala zote, na nadhani mnajua alizifanyia nini. Niliapa kwamba hilo halitatokea tena nikiwa hai.

Mwalimu Theuri, mlezi wa chama chetu, alituambia kwamba jarida haliundwi kwa kubahatisha.

"Waulizeni vijana wenzenu wanataka kusoma nini," alisema. "Watu ishirini na wanne. Andikeni majibu yao. Raudha, kazi hiyo ni yako."

Niliwauliza watu tisa. Siku iliyofuata kulikuwa na mvua na baridi ile ya mlimani inayoingia mpaka kwenye soksi, nami nikachoka. Zile karatasi kumi na tano zilizobaki nilizijaza mwenyewe kibandani, nikibadilisha kalamu. Kwani mimi si kijana? Nilijua vijana wanataka nini. Wote kumi na tano niliwaandikia kwamba wanamtaka mwanamuziki maarufu.

Mhariri wetu alikuwa Mugo, mvulana wa gredi ya nane kama mimi. Alipoyasoma majibu hayo aliruka juu. "Basi nitamhoji Sophie!" alisema.

Sophie ni mwimbaji chipukizi kutoka Naro Moru. Wakati huo wimbo wake ulikuwa ukilia kwenye kila simu ya Nyeri. Baada ya wiki mbili Mugo alileta maswali kumi na majibu kumi, yote yamepigwa chapa vizuri. Tulimshangilia. Mimi nikachora uso wa Sophie ukijaza jalada zima, na chini yake maneno: SOPHIE ATUFUNGULIA MOYO. Nilijipenda siku hiyo kupita kiasi.

Jumamosi niliyapeleka mahojiano hayo kibandani nikayasome tena. Mteja wetu Mzee Gatimu alikuwa anakunywa chai. Yeye ni fundi wa redio, na kwenye harusi hupiga kodiani watu wakicheza ngoma ya mwomboko.

"Nisomee na mimi," alisema. "Macho yangu siku hizi ni ya mapambo tu."

Nikamsomea jibu la nne la Sophie: "Nikiwa mdogo nilipiga karing'aring'a ya babu yangu. Kila asubuhi niliianika juani ili ngozi yake ikaze na kutoa sauti nzuri."

Mzee Gatimu alipaliwa na chai. Mama alikimbia kumpiga mgongoni.

"Ngozi?" alisema alipopata pumzi. "Karing'aring'a iko na ngozi wapi? Hiyo ni ringi ya chuma, unaigonga na chuma ingine. Ati anaanika! Labda alikuwa anaanika nguo."

"Pengine amesahau, Mzee."

"Msichana wangu, mtu hawezi sahau kitu alipiga na mkono yake. Mwenye aliandika hiyo maneno hajawahi iona."

Chai yangu ilipoa bila kuguswa.

Jumatatu nilimkabili Mugo mbele ya wenzetu wawili wa chama, Nduta na Fuad. "Ulikutana na Sophie lini?" nilimuuliza.

Alitazama dirishani. "Nilimtumia ujumbe mara tatu. Hakujibu. Sasa ningefanya nini?"

"Ungetuambia!"

"Wacha noma, Raudha. Nani atajua?"

"Tunachapisha Alhamisi," Fuad aliongeza. "Usituharibie."

"Na vijana wanamtaka Sophie," alisema Nduta. "Hata karatasi zako zilisema."

Mugo akacheka kicheko kibaya. "Hizo karatasi! Kumi na tano ziko na mwandiko mmoja. Mimi niliona, nikanyamaza. Na wewe pia nyamaza."

Uso uliniwaka moto. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa kali zaidi kwa sababu Mugo alikuwa amesema kweli. Ningeweza kunyamaza. Jalada langu lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, na nilitaka Karatina nzima ilione. Lakini kunyamaza kwa kutishwa? Mimi? Hapana.

"Sinyamazi," nilisema. "Kosa langu nitalisema, na lako nitalisema."

Nilichukua jalada langu nikaenda moja kwa moja hadi chumba cha walimu, Mugo akinifuata mbio huku akiniita kila jina analolijua. Nilimweleza Mwalimu Theuri yote. Nilianza na kosa langu, kwa sababu kama ningeanza na la Mugo nisingelifikia langu.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jarida haliendi Karatina," alisema.

"Litaenda, Mwalimu."

Mwalimu Theuri si mtu wa kubishiwa.

"Unanipinga, Raudha?"

"Ndiyo, Mwalimu. Samahani, lakini ndiyo. Tuadhibu, tumekosa. Lakini tupe siku mbili tutengeneze jarida la kweli."

Alinitazama. Sikuinamisha macho.

"Siku mbili," alisema. "Na ukumbi wa shule mtaufagia mpaka muhula uishe."

Siku hiyohiyo niliwatafuta watu kumi na tano wa kweli. Nilitarajia waseme yale niliyowaandikia. Ni wanne tu waliotaka mwanamuziki maarufu. Wangui wa gredi ya tisa alinijibu bila kunihurumia.

"Mastaa tunawaona kwa simu kila siku. Mimi nataka kitu ya kunichekesha, tena nikuwe na pahali pa kuandika yangu. Na msitudanganye. Huwa tunajua mkitudanganya."

Kumbe yule kijana niliyedhani ninamfahamu sana alikuwa mimi peke yangu. Niliona aibu, halafu nikapata wazo.

Mugo alikuwa amenuna kwenye ngazi za ukumbi na ufagio wake. Nilikaa kando yake.

"Maswali yako kumi yalikuwa mazuri," nilimwambia. "Majibu ndiyo mabaya. Nenda umuulize Mzee Gatimu maswali hayohayo."

"Yule mzee wa redio? Kwa jarida la vijana?"

"Unaogopa kuuliza mtu anayejibu?"

Alinikodolea macho, lakini alienda. Alirudi kesho yake akicheka mwenyewe, na lengelenge kwenye kidole gumba, kwa sababu Mzee Gatimu alikataa kusema neno mpaka Mugo aigonge karing'aring'a kwanza. Kwa swali la mavazi ya jukwaani mzee alijibu, "Koti mbili. Hii ni Nyeri." Kwa swali la siri ya umaarufu alijibu, "Sijui. Nikiijua nitakuita."

Tulipanga kurasa mbili zitazamane. Upande wa kushoto tuliweka maswali kumi kwa Sophie, na chini ya kila swali mistari mitupu. Upande wa kulia yalikuwa maswali yaleyale, na majibu ya Mzee Gatimu. Kisha nilichora jalada jipya: maikrofoni moja peke yake, bila mtu, kwenye rangi nyeusi, na maneno makubwa ya manjano: SOPHIE HAJATUJIBU. MZEE GATIMU AMEJIBU.

Fuad alilitazama akashika kichwa. "Watatucheka, Raudha."

"Wacheke," nilisema. "Lakini wacheke wakiwa wamelishika mkononi."

Karatina, meza za shule nyingine zilikuwa zimejaa nyuso za mastaa wanaotabasamu. Kwa nusu saa hakuna aliyetukaribia. Halafu msichana mmoja mrefu akasimama.

"Ati hajawajibu?" aliuliza. "Na mnatangaza?"

"Tunatangaza," nilimjibu, kidevu juu.

Akacheka, akafungua, akacheka tena. "Hii mistari ni ya nini?"

"Jijibu wewe kama ungekuwa Sophie."

Aliniomba kalamu. Wenzake wakaja kuchungulia anaandika nini, nao wakataka nakala zao. Hatukuwa na kalamu za kutosha. Nduta alikimbia meza hadi meza akiazima.

Mwalimu Theuri alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni. Watu walipopungua kidogo alituita mimi na Mugo.

"Kutopata jibu si aibu," alisema. "Aibu ni kumjibia mtu ambaye hakusema neno. Mugo, ulimjibia mmoja. Raudha, wewe uliwajibia kumi na tano. Msomaji akikuta pengo la kweli atalijaza mwenyewe. Akikuta uongo atafunga jarida. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu," tulisema pamoja.

"Na Jumatatu ufagio unawangoja."

Jioni tulipokuwa tunakunja kitambaa cha meza, nilimwona yule muuza njugu akija na beseni lake. Aliangalia juu ya meza, akainama akaangalia chini yake.

"Leo hakuna karatasi?" aliuliza.

"Hakuna," nilimwambia. "Tafuta kwingine."