Diski Mbili Alizobeba Athieno

Nina miaka thelathini na minane, mjane, mama wa watoto watatu, mwenye studio ya video hapa Busia upande wa Kenya. Au niseme nilikuwa nayo... Wasomaji wenzangu, mnivumilie, maana hasira bado haijaniisha.

Mume wangu alipozidiwa na ugonjwa, alijirekodi kwa kamera yetu ya kazi. Alisema waziwazi kwamba studio ni yangu na watoto, asije mtu wa ukoo akaigusa. Video hiyo niliiweka kwenye mashine yetu ya kuhifadhia kazi, lile sanduku jeusi lenye diski nne, pamoja na harusi na matanga ya watu. Sikuweka nakala pengine popote. Ningejuaje?

Baada ya mazishi, shemeji yangu Wandera akaanza kusema studio ni mali ya familia. Ukoo ukaitisha kikao kwao Buhehe. Nikasema haya, mtamsikia marehemu mwenyewe! Lakini wiki hiyohiyo mashine ikaanza kusumbua. Nafasi imejaa, taa inawaka njano, video zinakwamakwama. Wandera, anayejua kompyuta, akajitolea kuitengeneza. Eti anisaidie! Nilimwambia akikanyaga mlango wangu nitapiga mayowe.

Tangu hapo nilimshuku kila mtu. Hata ile taa niliishuku. Mashine niliihamishia chumbani, nikawa nalala nayo kama mtoto mchanga.

Mmoja tu sikumshuku. Athieno, rafiki yangu wa Mukuju, ng'ambo Uganda, tuliyeimba naye kwaya moja, aliyenishika mkono kaburini. Yeye ndiye aliyenitafutia fundi Tororo, hukohuko Uganda. Fundi ataipa mashine programu mpya, kisha aingize diski kubwa moja baada ya nyingine, bila kupoteza kitu.

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna tabia yetu. Sukari, sabuni, hata tairi... ukiogopa maswali ya forodha unagawa mzigo, kila mtu anabeba kidogo. Athieno akaniambia, "Dada, ukivuka na sanduku zima watasema ni biashara. Toa diski. Mimi nakwenda mbele na mbili, wewe unakuja nyuma na zingine." Nikaona ana akili kweli! Nikazichomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilivuka na sanduku tupu na diski mbili zilizobaki. Nilimshuku askari aliyenitazama, nikamshuku na wa bodaboda aliyeniuliza nimebeba nini. Tororo nikamkuta Athieno ameshafika, amemkabidhi fundi diski zake zikiwa zimefungwa kwenye leso. Akasema anapitia Mukuju kumwona mamake. Nikamkumbatia. Jamani, nilimkumbatia!

Fundi akarudisha diski zote, akawasha. Mashine ikagoma. Akajaribu tena, ikazitambua mbili tu. "Mama, hii mbili haijawahi kukaa kwa hii mashine," akasema. Nikamrukia! Nilimwita mwizi mpaka majirani wakajaa mlangoni. Yeye alizipanga tu diski zote nne mezani. Zangu mbili zilikuwa na vumbi, na namba alizoandika marehemu kwa wino mweupe. Zile za kwenye leso zilikuwa safi, hazina mwandiko wa mtu.

Simu ya Athieno ilikuwa imezimwa.

Nilimwona siku ya kikao. Ameketi kando ya Wandera, kajifunga leso ileile, anawamiminia wazee chai kama mwenye boma! Nikasema nina video... Wakaniambia haya, iwashe. Niwashe nini? Leo studio wanaiendesha hao wawili.

Wasomaji, hasa nyinyi wajane wenzangu, nawasihi. Kabla fundi hajagusa mashine, toeni nakala, mkaiweke mbali. Na diski za mashine moja msizitenganishe, hata anayezibeba awe ni wa kwaya yenu! Mimi nilimkodolea macho adui, rafiki akapita nyuma yangu.

Fundi alinieleza kwamba mashine ile haiweki video nzima mahali pamoja. Huikatakata, ikaigawa kwenye diski zote, na zikikosekana mbili hakuna kinachosomeka. Zangu mbili nimezifunga kwenye koti la marehemu, ziko kabatini. Kitinda mimba wangu huniomba amsikie baba... Nitamwambiaje kwamba nusu ya kila neno lake ninayo mimi, na nusu anayo Athieno?