Bi Time Aliitika Naam

Siku ya kwanza hakuna aliyeshtuka sana. Bi Time alikuwa kitandani kwake, tasbihi mkononi, mara akaitika, "Naam," kwa sauti iliyofika mpaka uwani, ambako Asma, mke wa mwanawe, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Asma akainua kichwa. Hakuna aliyemwita mama mkwe. Masoud, mumewe Asma, alikuwa dikoni na pikapu yake anasubiri samaki, na binti yao Masika alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, macho kwenye simu, kimya kama hayupo.

Kilichomkaa Asma moyoni ni lile neno. Mwanamke wa Tumbe, kijiji chao, akiitwa huitika "abee", na akiitwa na mkubwa wake husema "labeka". "Naam" ni ya wanaume. Bi Time alifunzwa hivyo na mamaye, naye akamfunza Masika hivyo hivyo, kwa makofi ilipobidi. Asma akajiambia ni uzee tu, akaendelea na nazi yake.

Wiki chache kabla ya hapo nyumba ilikuwa imepata furaha mpya. Magoti ya Bi Time yalikuwa yamemkatalia kwenda darasani msikitini, kwa hiyo Masoud akamnunulia tableti asikilize mawaidha kitandani. Bahati mbaya, mawaidha hayakuja peke yake. Shehe anafika pale penye adhabu ya kaburi, watu roho juu, mara anakatwa, anaruka binti aliyevaa kitambaa kisichotosha hata kufunikia sahani ya vitumbua, anawaita watu wacheze kamari. Bi Time hugeukia ukutani na kuomba msamaha kwa Mola. Na likaja la kutisha zaidi. Asubuhi alilalamikia magoti, jioni tableti ikamtangazia dawa ya magoti.

"Mna mtu humu ndani," alisema Bi Time, akiisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Anatusikiliza."

Asma hakuweza kumcheka, maana alikuwa mwalimu wa kompyuta skuli ya sekondari na alijua mama mkwe hakukosea mbali. Akaitoa kompyuta yake ya zamani kabatini, akaipangusa vumbi, akaigeuza kuwa proksi. Tangu hapo simu za nyumba ile hazikwenda tena mtandaoni zenyewe. Ziliiagiza kompyuta ile, nayo ikaenda kwa niaba yao, ikaficha ni nani aliyeagiza, ikachuja matangazo njiani na kurudi na kilichotakiwa tu. Masoud aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. "Basi hicho ni kifumbu," alisema, "cha kuchujia tui." Jina likakaa. Kifumbu kikawekwa juu ya kabati la vyombo, shehe akaanza kumaliza maneno yake, na Bi Time akamwombea Asma dua ndefu za mama mkwe aliyeridhika.

Lilibaki jambo moja, neno la siri la kukifungulia Kifumbu. Vijana wa mtaa walikuwa hawabanduki kwenye baraza yao, wanadowea mtandao, na Masika alikuwa hawezi kumnyima mtu kitu. Kila neno Asma alilobuni, Masika alilijua kesho yake na mtaa mzima keshokutwa. Ndipo Asma akafikiria neno ambalo hakuna mtu wa nyumba ile angethubutu hata kulibahatisha.

Bi Time alikuwa na mgeni kichwani, pepo wa kiume, tangu usichana wake. Mgeni huyo alitulizwa zamani na mganga wa Msuka, kwa makubaliano: asisumbue, na jina lake lisitajwe ila kwa haja, kwa ubani na kwa adabu. Jina lile Bi Time alimnong'oneza Asma mwezi alipoolewa na Masoud, kwa sababu mwenye kumuuguza lazima alijue. "Ukinikuta nimeanguka, mwanangu, ndipo ulitaje, umuulize anachotaka. Siku nyengine zote limeze." Hapa halitaandikwa, na msomaji hatakosa kitu.

Asma aliliandika. Alilipachika kwenye Kifumbu, kisha akachukua simu moja moja, yake, ya Masoud na ya Masika, na tableti ya mama, akaliingiza kwa mkono wake bila mtu kuliona. Hakulitamka. Alijiona mwerevu kwelikweli.

Kesho yake ndipo ilipokuja ile naam ya kwanza, kisha zikaja nyengine. Bi Time aliitika akinywa uji, aliitika katikati ya maneno, aliitika amelala. Kila alipoitika pumzi ilimpungua, kama mtu aliyepandishwa kilima, na akiulizwa nani kamwita hujibu kwamba yeye hakusema kitu. Akaacha kula. Mikono ikawa baridi. Chumbani kwake kukaanza kunukia halwaridi, ilhali chupa ya marashi ilikuwa imekauka tangu Idi, na chini ya ile halwaridi mlikuwa na harufu nyengine, ya nywele zilizopitiwa na moto.

"Mama ananiondoka," Masoud alimnong'oneza mkewe mlangoni. "Umesikia ile sauti, Asma? Ile si sauti yake."

"Nimesikia."

"Kuna mtu kalitaja jina?"

"Nani atalitaja?" alisema Asma, na papo hapo akalikumbuka lile neno la siri.

Alikwenda uwani. Ilikuwa alasiri, jua bado kali, kuku wanaparua chini ya mgomba. Masika alikuwa mahali pake pa siku zote, anatelezesha picha za nguo kwa kidole gumba. Asma akasimama nyuma yake bila kusema neno. Kidole kikateleza, ikafunguka picha, na chumbani Bi Time akaitika, "Naam." Kidole kikateleza tena. "Naam." Masika akaona gauni lisilompendeza, akaharakisha, picha zikakimbia moja juu ya nyengine, na kule ndani zikatoka naam, naam, naam, nzito, za haraka, bila nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka kitanda kikaanza kulia.

Asma akaipokonya ile simu.

"Mama! Nimefanya nini?"

"Nyamaza."

Hakutaka kujua, na alijua kwamba lazima ajue. Akagusa picha moja, mara moja tu.

"Naam," ikaitika chumbani, pole pole safari hii, kama anayejua sasa ni nani aliyeishika simu.

Ndipo Asma alipouona ubaya wote wa alichokifanya, maana kazi ile aliipanga mwenyewe na alijua inavyokwenda: simu haipewi kitu na Kifumbu mpaka itangulize neno la siri, na haitangulizi mara moja ikaachiwa, bali hulirudia kwa kila ukurasa na kila picha, hata kwa vile vijipicha vidogo visivyotazamwa na mtu, hata mtu akiiweka simu chini na kwenda kuswali, kwa sababu simu haikosi cha kuulizia huko duniani, kwa hiyo jina lile ambalo Bi Time alilimeza miaka yake yote lilikuwa likiitwa ndani ya nyumba yake mwenyewe mchana kutwa na usiku kucha, na vitu visivyo na midomo, visivyo na haja, visivyojua hata kwamba vinaita.

Alikimbilia ukumbini akaung'oa waya wa Kifumbu ukutani. Taa yake ndogo ikazimika. Nyumba ikatulia, na Asma akasimama pale na waya mkononi, akisikiliza.

"Mbona mmenyamaza?" ikauliza sauti chumbani.

Masika alianza kulia. Sauti haikupanda wala haikukasirika.

"Nimeitwa, nimekuja. Nimesimama. Nani aniitaye?"

Masoud aliiwasha pikapu akaenda Msuka, na baada ya magharibi akarudi na Mzee Mmanga, mganga yule yule, sasa mzee mwenye pumu na ulimi mkali. Aliingia chumbani bila kupiga hodi ya pili. Bi Time alikuwa ameketi wima kitandani, mgongo umenyooka kama wa kijana, macho yamefungwa, na kifua chake kinapanda na kushuka kwa tabu. Mzee Mmanga akamshika kifundo cha mkono, akasonya.

"Huyu bibi hawezi tena kumbeba. Moyo wenyewe mdogo kama wa ndege. Asipoteremshwa leo, mtamzika." Akageuka. "Haya. Nani kalitaja?"

"Wallahi hakuna, mzee," alisema Masoud. "Mie jina lenyewe silijui."

"Sikukuuliza weye unajua nini. Mgeni haji mpaka aitwe, na huyu kaitwa."

Asma alimtazama mumewe. Aliona wazi kwamba akisema, Masoud hatamtazama tena kama zamani, na asiposema, mama atakufa na siri itakuwa yake peke yake. Aliogopa yote mawili sawasawa.

"Mimi," alisema. "Sikulitaja. Nililiandika."

Akaeleza. Masoud alikaa chini sakafuni. Mzee Mmanga alisikiliza mpaka mwisho, na ukali wote ukamtoka usoni, ikabaki hofu tupu.

"Yakhe," alisema kwa sauti ya chini. "Mie huyu nimemwita mara chache mno katika uhai wangu wote, na kila mara nikatetemeka. Mwenye kuitwa huulizwa, akapewa, akaagwa. Nyie mumemwita mara ngapi, hata mwenyewe huwezi kuhesabu, na hamkumwambia hata karibu." Akafungua mkoba wake. "Utamwita mara moja, kwa mdomo wako. Umwambie ulichomwitia, umuage. Mie siwezi kukusemea."

Makaa yakaletwa kwenye chetezo, ubani ukatiwa, udi ukatiwa, na moshi ukapanda ukafunika dari. Asma akasogezwa mpaka magoti yake yakagusa ukingo wa kitanda. Akalitaja jina. Lilitoka dogo, limepasuka, na mara tu lilipotoka, ule moshi uliokuwa ukipanda ukasita, ukawa hauendi juu wala chini, na uso wa Bi Time ukageuka pole pole, macho yangali yamefungwa, ukaja mpaka ukamkabili, karibu kiasi cha kuisikia ile pumzi ya halwaridi na nywele za moto ikimpiga midomoni, na Asma akahisi anatazamwa na kitu kilichokuwa kimemtafuta kila chumba siku nyingi na hatimaye kimemwona.

"Naam," ilisema sauti.

"Sikuwa na haja nawe," alisema Asma, machozi yanamtiririka. "Nilikosea. Nisamehe. Mwache mama. Nakuaga, nenda kwa salama."

"Bibi huyu namjua," ilisema. "Ameniogopa tangu kijana. Wote huniogopa, huniita kwa haja zao, wakanifukuza." Kichwa kikainama upande, kwa upole. "Hajapata mtu kuniita kama ulivyoniita weye. Mchana. Usiku. Bila kunitaka kitu. Hata anayependa haiti hivyo."

Bi Time akaanguka juu ya mto. Moshi ukapanda. Kisha ile midomo mikavu ikafunguka na sauti yake halisi, ya kizee, ya kulalamika, ikatoka.

"Asma, mwanangu. Nipe maji."

Walilia wote, hata Masoud. Bi Time alikunywa maji, akataka uji, akauliza kwa nini chumba kinanuka kama harusi ya masikini. Mzee Mmanga alikusanya vitu vyake haraka. Asma alipomletea birika amnawishe mikono, mzee aliirudisha mikono yake ndani ya kanzu.

"Atanimiminia Masoud," alisema, na hakumtazama.

Asma alilifuta neno lile kwenye simu zote, akarudia kulitazama kila moja kama amelifuta kweli. Kifumbu akakivunja vunja. Kamari zikarudi, na kina binti wasio na nguo wakarudi, tena kwa fujo. Bi Time, ambaye sasa alikula na kunona, aliwavumilia kwa kicheko. "Afadhali hawa," alisema. "Hawa wanajileta wenyewe." Masoud naye alianza kumtazama mkewe usoni tena, kidogo kidogo, na usiku mmoja akamshika mkono.

Asubuhi moja Asma alikuwa jikoni anachuja tui. Chumbani shehe alikatwa katikati ya aya, muziki wa kamari ukalipuka, na Bi Time akapaza sauti.

"Asma! We Asma! Njoo unitolee hili likamari!"

Asma akafungua kinywa aitike labeka, kama alivyoitika maisha yake yote.

"Naam," alisema.

Ilitoka nzito, tulivu, ya kiume. Kifumbu cha tui kikamponyoka mikononi. Akaufunika mdomo, na viganja vyake, vilivyokuwa vimelowa nazi, vilikuwa vikinukia halwaridi.

Chumbani muziki ulikatika. Kitanda kikalia. Bi Time, ambaye hakuweza kuinuka bila kushikwa, aliinuka, akaja akiburuta miguu na kushika ukuta, mpaka akatokea kwenye mlango wa jiko. Alikuwa amejitanda kanga mpaka usoni, kama anapoingia mwanamume mgeni. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alimtazama mke wa mwanawe kwa huruma kubwa, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema Bi Time.

Asma alitaka kumwambia mama usiniamkie, ni mimi, ni mimi mwanao, nishike. Lakini midomo yake ilikuwa imekwisha kufunguka.

"Marahaba."