Dakika Nane kwenye Tabaka la Saba

Msumeno ule uliitwa Mkatamwamba, na kimo chake kilikuwa sawa na jengo la ghorofa tatu. Diski yake ya chuma, iliyozungukwa na meno mia mbili na arobaini ya almasi, ilishuka ndani ya graniti ya Singida sentimita moja kila dakika, bila kupumzika tangu alfajiri. Mikono ya roboti ililipokea kila bonge la jiwe na kulipeleka juu. Pale bonge lilipotoka pakabaki chumba. Hivyo ndivyo Jiji la Mwambani lilivyojengwa. Halikuinuliwa, lilichongwa kwenda chini, kwa sababu huko juu jua lilikuwa limekuwa kali kiasi kwamba mchana hakuna aliyeweza kukaa nje.

Wageni walioletwa kuutazama msumeno waliamini kuwa kinachokata jiwe ni almasi. Fundi Edina Ntandu alikuwa akiwarekebisha kwa upole. Almasi peke yake, aliwaambia, haiwezi kufika saa sita mchana. Chini kabisa ya mkato kuna joto la kuyeyusha risasi, na kuna unga wa mawe unaong'ang'ania meno kama saruji. Kinachouweka msumeno hai ni majimaji yanayomiminwa juu yake. Ni lazima yapoze chuma, yalainishe msuguano na kuusomba ule unga kabla haujaganda. Yakipungua, diski inapinda. Yakizidi utelezi, almasi zinateleza juu ya jiwe badala ya kulikwangua, zinang'arishwa kama kioo, na msumeno unazunguka bure huku ukichemka. Mafundi walisema hapo meno yamelala.

Kwa miaka ishirini na mbili Edina ndiye aliyechagua majimaji hayo. Maji ya maziwa ya karibu yalikuwa na chumvi iliyokula chuma, akayakataa. Alijaribu mafuta ya alizeti, yakaganda kama gundi baada ya wiki mbili. Mwishowe alitulia kwenye maji ya mvua, mafuta ya nyonyo na sabuni kidogo, akibadilisha vipimo kulingana na jiwe la siku hiyo. Alichovya vidole kwenye tope lililotoka, akalisugua, akasikiliza, kisha akasema, "Ongeza maji," au, "Punguza nyonyo." Na ikawa.

Halafu Mwajabu Gwae akarudi.

Mwajabu alikuwa mwanafunzi wake. Miaka tisa iliyopita alikuwa akiosha madumu ya Edina, na Edina ndiye aliyemshika mkono na kuutumbukiza kwenye tope, akamwambia, "Sikia. Hili ni laini mno." Sasa alirudi na shahada mbili na chombo alichokiita kipozaukungu. Kilipuliza ukungu wa baridi kali uliochanganywa na kilainishi cha nyonyo kilichosafishwa maabara. Kilitumia sehemu moja ya kumi tu ya maji ya zamani. Katika jiji la watu elfu tisini waliopimiwa maji kwa kikombe, hilo halikuwa jambo dogo.

Siku ya kukitambulisha, Meneja Ishengoma alimwita "Dokta wetu", na Mwajabu alitoa shukrani kwa "walimu wote walionilea". Walimu wote! Edina, aliyekuwa amekaa mstari wa tatu, alisubiri atajwe jina. Hakutajwa. Akapiga makofi kama wengine, na kila kofi likamchoma.

Kuanzia hapo hakupata raha. Mabomba yake ya majimaji yalifunguliwa moja baada ya jingine yakarundikwa kwenye korido. Labani Mwiru, mwendeshaji wa Mkatamwamba, ambaye kwa miaka yote alimwachia Edina kiti wakati wa chai na kumpa habari za jiwe la asubuhi, sasa alikunywa chai yake akiwa amesimama na Mwajabu mbele ya skrini. Siku moja Edina alimsikia akisema, "Ukungu wa Mwajabu hauna mfano." Alikunjua kanga yake, akaikunja tena, akaondoka bila kumaliza kikombe.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Mwajabu alikuwa na adabu. Kila asubuhi alikuja hadi kwenye meza yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Leo tunaingia mkato wa kusini. Utakuja kuangalia?"

"Mtanihitaji nini? Nendeni tu."

Lau angekuwa na kiburi, Edina angemchukia kwa raha. Lakini binti huyu alimheshimu, na heshima ile Edina aliiona kama ile anayopewa mtu aliyekwisha kustaafu. Nyumbani alijikuta akiomba kimoyomoyo chombo kile kiharibike. Hakuomba mtu aumie. Aliomba kiharibike kidogo tu, mbele ya watu, ili waje wamwite.

Wiki ya tano msumeno ukaingia tabaka la saba. Huko graniti ilikatizwa na mishipa mipana ya kwazi nyeupe, jiwe gumu kuliko yote waliyowahi kukata. Meneja aliagiza mafundi wote wawepo. Edina akaja, akasimama nyuma ya pazia la kinga, mikono mifukoni.

Msumeno ulianza vizuri, kwa ile sauti yake nzito yenye mikwaruzo. Kisha diski ikaigusa kwazi. Baada ya muda mfupi, Edina akasikia. Mikwaruzo ilikuwa imefifia, na chini yake kukawa na mluzi mwembamba. Meno yalikuwa yanalala. Kilainishi cha Mwajabu kilikuwa na utelezi mno kwa jiwe hili, na ukungu haukuwa na uzito wa kufika chini ya mkato. Alitazama tope. Lilikuwa jepesi, karibu maji matupu, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kikikatwa.

Mwajabu aligeuka. Uso wake ulikuwa na wasiwasi kidogo. Pengine naye alihisi kitu, lakini hakukijua jina.

"Mwalimu, unaonaje?"

Edina alikuwa na maneno mawili tayari mdomoni: *simamisha, mimina*. Badala yake akasema, "Mimi ni mtu wa madumu. Vipimo vyako vinasemaje?"

"Vinasema joto liko chini. Kila kitu kijani."

"Basi."

Vipimo vilisema kweli, ila vilipima ukungu uliorudi juu, ambao ulikuwa bado wa baridi. Havikupima chini. Edina alilijua hilo pia. Alisubiri onyo liwake lenyewe, diski isimame, Mwajabu aaibike, na Meneja ageuke kumtafuta yeye. Mluzi ukapanda. Labani akatoka kwenye kibanda chake cha kioo kuzibua tundu la ukungu lililoziba.

Jino moja likang'oka. Lilikuwa na ukubwa wa kiberiti. Lilipasua pazia na kumpiga Labani begani kabla mtu yeyote hajasikia mlio wake.

Madaktari walimwokoa, lakini mkono wa kulia hawakuweza kuurudisha. Walimpa mkono wa mashine unaotii neva zake. Ulishika nyundo, ulifunga vifungo, ila haukuweza kumwambia kama chai ni ya moto.

Uchunguzi ulimgeukia Mwajabu, kwa kuwa chombo kilikuwa chake. Kumbukumbu za mitambo zilionyesha kila kitu isipokuwa kile ambacho Edina alikisikia na kukinyamazia. Hakuna aliyemuuliza. Mwajabu alivuliwa kazi ya msumeno na kupelekwa kwenye ghala la vipuri. Na Edina alipata alichokuwa amekiomba: mabomba yake yakarudishwa, Meneja akamwita "Mama yetu", na watu wakampisha kiti wakati wa chai. Chai yenyewe haikushuka.

Miezi miwili baadaye kampuni ilileta mashine mpya iitwayo Msikizi. Ingekaa kando ya msumeno na kuusimamisha mara meno yanapoanza kulala. Mhandisi wake, kijana mtulivu mwenye miwani, aliwakusanya kwenye chumba kimoja: Meneja, Edina, Labani, na Mwajabu aliyeitwa kutoka ghalani.

"Msikizi hajui kibaya ni kipi mpaka mtu amwonyeshe," alieleza. "Nitapiga sauti iliyorekodiwa siku ya ajali. Anayeijua sauti ya meno kulala abonyeze hapa, pale pale inapoanza. Akikosea, Msikizi naye atakosea, na siku moja atachelewa."

Wote wakamtazama Edina. Nani mwingine?

Aliziona njia mbili waziwazi. Angeweza kubonyeza sekunde chache kabla ya jino kung'oka, na siri yake ingebaki salama milele. Lakini mashine ile ingejifunza kuchelewa, na kando ya msumeno angesimama mtu mwingine.

Sauti ikaanza. Mikwaruzo mizito. Kisha kwazi. Kidole cha Edina kikashuka.

Mhandisi akainama kwenye skrini. "Hapa? Mama, hapa ni dakika nane kabla ya ajali."

"Ndiyo hapo."

"Una uhakika? Ni mapema sana."

"Nina uhakika," Edina akasema. "Siku ile pia nilisikia hapo hapo."

Mwajabu ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo. "Nilikuuliza, mwalimu."

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu, mwanangu. Sina sababu nyingine. Ningekuwa nayo ningekupa."

Edina akamgeukia Labani. Labani alikuwa akiutazama mkono wake wa mashine uliolala mezani.

"Dakika nane," Labani akasema. "Ningekuwa nimeshaenda zangu kunywa chai."

Mhandisi akakohoa, akijua hapaswi kuwepo hapo. "Samahani. Mara moja haitoshi. Msikizi anahitaji kuonyeshwa mara thelathini."

Mwajabu alifuta macho kwa kiganja, akavuta daftari. "Piga," akamwambia.

Sauti ilipoanza upya, Labani alinyanyuka, akaburuta kiti chake hadi kando ya Edina, akakaa na kuinamisha kichwa ili naye ajifunze kuisikia.